Hela ya Shaba: Namna ya Kuitunza na Kuipima Sarafu Kongwe

Sisi tufundishao Kiswahili nchini Burundi hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa neno lililosafiri. Mswahili husema hela, Mrundi husema amahera, na wote wawili humaanisha fedha. Asili ya maneno hayo ni moja, nayo ni Heller, sarafu ndogo ya shaba ambayo Wajerumani waliitoa kuanzia mwaka 1904 katika koloni lao la Afrika ya Mashariki. Koloni hilo lilikusanya Tanganyika, Rwanda na Burundi. Neno tungali nalo sote, lakini sarafu zenyewe zinazidi kupotea, na mara nyingi anayeziharibu ni yule yule azipendaye. Katika makala haya tumekusudia kueleza kwa ufupi historia ya sarafu hizo, jinsi ya kuzitunza, na jinsi ya kuzipima daraja.

Yatupasa tuanze kwa kukiri kosa letu wenyewe. Miaka mingi iliyopita, tulipokuwa tukifundisha maneno ya kukopa, mwanafunzi mmoja alituletea hela aliyopewa na bibi yake, imefungwa katika pindo la kitambaa. Ilikuwa imefifia, nyeusi na yenye madoa ya kijani. Nasi, kwa kutaka darasa zima lisome mwaka wake, tukamwagiza aisugue kwa limau na majivu. Baada ya dakika chache iling'aa, na wanafunzi wakapiga makofi. Lakini tulipoisogeza dirishani tuliona taji, tukaona 1, 9 na 0. Tarakimu ya mwisho ilikuwa imekwenda na majivu. Kesho yake mwanafunzi alitueleza kwamba bibi aliipokea, akaigeuza mara mbili, akasema hiyo siyo aliyoachiwa na baba yake. Hatukuwa na la kujibu.

Ili tufahamu uzito wa tarakimu moja, na tuitazame historia. Kabla ya hela palikuwa na pesa. Sultani Barghash bin Said wa Unguja alitoa pesa za shaba zenye picha ya mizani mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882. Kampuni ya Wajerumani nayo ikatoa pesa zake kati ya mwaka 1890 na 1892: upande mmoja zilikuwa na tai na maandishi ya Kijerumani, na upande wa pili maandishi ya Kiarabu. Pesa 64 zilifanya rupia moja. Mwaka 1904 hesabu ilibadilishwa, rupia ikawa hela 100. Hela ilichorwa taji na jina la koloni upande mmoja. Upande mwingine thamani yake ndani ya shada la majani, pamoja na herufi ndogo: A kama ilipigwa Berlin, J kama ilipigwa Hamburg. Herufi za Kiarabu hazimo tena. Mwalimu akiziweka pesa na hela mezani, wanafunzi wataona kwa macho yao jinsi watawala walivyogeuza mwandiko.

Vita vilipoanza mwaka 1914, njia ya bahari ilifungwa na sarafu zikaadimika. Hivyo mwaka 1916 zilipigwa huko Tabora sarafu za hela 5 na hela 20 zenye herufi T. Mwaka huo huo majeshi ya Wabelgiji yaliingia Rwanda na Burundi, na mwezi wa Septemba yakaingia Tabora yenyewe. Baadaye faranga ilichukua nafasi ya rupia hapa kwetu, bali jina la hela likabaki midomoni mwa watu. Basi herufi moja yatuambia sarafu ilizaliwa wapi, na tarakimu moja yatuambia ilizaliwa wakati wa amani au wa vita.

Sasa tuje kwenye utunzaji. Shaba mpya ni nyekundu. Ikikaa hewani hugeuka kahawia, kisha nyeusi au kijani. Utando huo si uchafu. Ukiwa mgumu na laini, huikinga shaba iliyo chini yake. Zaidi ya hayo, katika sarafu iliyoliwa sana na kutu, mara nyingi alama za maandishi zimebaki ndani ya utando wenyewe. Limau huuyeyusha, majivu huukwangua, na maandishi huondoka pamoja nao. Ndilo lililotupata.

Kutu ya kuogopwa ni ile ya unga mwepesi wa kijani kilichopauka. Hiyo hutokana na chumvi iliyoingia katika shaba. Ikipata unyevu hufanya asidi, na asidi huzidi kuila shaba. Sarafu yenye unga huo itengwe, iwekwe mahali pakavu, na ipelekwe kwa wataalamu wa makumbusho. Sarafu nyingine yatosha kuilowesha katika maji yaliyokenekwa ili udongo ulegee, kisha kuikausha kwa kitambaa laini pasipo kusugua. Ishikwe ukingoni, kwa maana jasho la vidole huacha alama. Isiwekwe katika mifuko ya plastiki laini ya PVC, ambayo huidhuru shaba. Na kando yake paandikwe ilitoka kwa nani, wapi na lini, kwani mali bila daftari hupotea bila habari.

Kuhusu daraja, Mmarekani William Sheldon alitoa mwaka 1949 kipimo cha 1 hadi 70 kwa ajili ya senti kongwe za shaba za nchi yake, na kipimo hicho kikaenea kwa sarafu nyingine. Mpimaji hutazama kwanza sehemu zilizoinuka, kwa kuwa ndizo zichakaazo mapema. Katika hela ni taji na majani ya shada. Kisha hutazama rangi: nyekundu, nyekundu iliyochanganyika na kahawia, au kahawia tupu. Mwisho hutazama ngozi ya sarafu. Iliyosuguliwa, hata ikimeremeta, huteremshwa. Lakini daraja la chini si aibu. Hela iliyochakaa kwa kupita mikononi mwa wengi ni shahidi wa soko. Iliyochakaa kwa majivu ni shahidi wa haraka ya mwalimu.

Mwalimu mwenzetu, mwanafunzi akikuletea sarafu ya nyumbani kwao, usiisafishe. Izime taa ya juu, uiangaze kwa taa ya pembeni. Vivuli vitainua maandishi ambayo jicho halikuyaona. Wanafunzi wayanakili kwa penseli. Kisha umrudishie sarafu yake kama alivyoileta, ili aliyempa aitambue.