Vituo vya hali ya hewa vinavyojiendesha na usalama wa ndege Meru na Embu

KITUO cha hali ya hewa kinachojiendesha ni mtambo unaopima hali ya hewa na kutuma matokeo bila kumsubiri mwangalizi. Mlingoti wake hubeba vipimo vya upepo, joto, unyevu, mvua na kanieneo ya hewa. Kompyuta ndogo hukusanya takwimu hizo na kuzituma kwa mtandao wa simu au setilaiti.

Panapohudumiwa ndege, huongezwa kifaa cha leza kinachopima kimo cha wingu, na kingine kinachopima umbali unaoweza kuonekana.

Kanieneo ina uzito wa pekee kwa rubani, kwani altimita huigeuza kuwa kimo. Altimita ikitegwa kwa kipimo kinachozidi hali halisi kwa hektopaskali 10, ndege huwa chini kwa zaidi ya mita 80 kuliko inavyosomeka. Katika ukanda wa ikweta kanieneo hupanda hadi mnamo saa nne asubuhi, kisha hushuka hadi saa kumi alasiri. Kipimo cha asubuhi, basi, hakimfai anayetua jioni.

Meru na Embu, miji yenye vituo vya Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, iko upande wa mashariki wa Mlima Kenya, kwenye kimo cha mita 1,500 hivi. Kati ya Juni na Agosti mawingu hutanda chini huku manyunyu yakianguka. Taarifa mpya humwezesha rubani aliye Nairobi kuamua kabla hajapaa.

Hata hivyo, mtambo hupima wingu lililo juu yake tu. Mnamo Julai 19, 2003, ndege ya kukodi iliyotoka Uwanja wa Wilson kuelekea Samburu iligonga mlima karibu na kilele cha Lenana, chenye urefu wa mita 4,985. Watu wote 14 waliokuwamo waliangamia. Kituo kilicho mjini Meru, zaidi ya mita 3,000 chini ya kilele hicho, hakiwezi kueleza iwapo kimefunikwa.

Ndiyo maana mwangalizi bado anahitajika, pamoja na fundi wa kusafisha na kusawazisha ala. Buibui akifuma utando ndani ya kipimamvua, mtambo utaendelea kutuma takwimu zisizo za kweli, na rubani ataziamini.