Fremu: kilichomo na kilichoachwa nje

Ukifika Katesh ukasema unatafuta fremu, utaulizwa una mtaji wa kiasi gani. Watu watadhani unataka kupanga chumba cha biashara kando ya barabara, ufungue wakala wa pesa au duka la pembejeo. Seremala wa Mbulu mjini naye atasikia fremu ya mlango, na maswali yake yatakuwa ya vipimo na aina ya mbao. Mpiga picha za harusi anazo mbili: ile ya kioo anayouza, na ile anayoitaja akiwa amefumba jicho moja nyuma ya kamera: "Shangazi, sogea huku kidogo, uko nje ya fremu." Hiyo ya shangazi ndiyo istilahi yetu.

Kwa watu wa filamu, neno hili lina maana mbili zinazokwenda pamoja. Ya kwanza ni picha moja tu, iliyotulia, kati ya maelfu yanayopita mbele ya macho mpaka tukaona mwendo. Tangu sauti ilipoingia kwenye sinema mwishoni mwa miaka ya 1920, kasi iliyozoeleka ni fremu 24 kwa sekunde. Filamu ya saa moja na nusu basi ina fremu 129,600. Maana ya pili ni kingo nne za picha hiyo, pamoja na uamuzi wa nani awe ndani yake na nani abaki nje. Mwongozaji anaposema "panga fremu" anakusudia hii ya pili. Maana ya filamu huanza kujengwa hapo, mwigizaji akiwa bado hajafungua mdomo.

Wapo wanaopendelea kiunzi, na neno hilo ni zuri, la Kiswahili hasa. Shida ni kwamba kiunzi kina mwili: kwa fundi ni mbao zilizoungwa ili zishikilie kitu, kwa mwanariadha ni kile anachokiruka uwanjani. Ukingo wa picha hauna mwili wowote. Isitoshe, huko wanakopiga filamu sijasikia mtu akipaza sauti, "Toka kwenye kiunzi!" Tubaki na fremu, maana imeshaota mizizi, na inakubali kuambatana na maneno mengine bila ugomvi: ingia kwenye fremu, fremu imejaa, nje ya fremu.

Sasa kuna kisa cha kuku. John Wilson wa Chuo Kikuu cha London alikisimulia, na Marshall McLuhan wa Kanada akakirudia katika kitabu chake cha mwaka 1962, The Gutenberg Galaxy. Bwana afya alitengeneza filamu fupi ya kuwafundisha wanakijiji wa Kiafrika jinsi ya kuondoa maji yaliyotuama kuzunguka nyumba. Kila tendo lilionyeshwa polepole: mwaga maji, okota makopo, weka mbali. Baada ya onyesho wakaulizwa wameona nini. Wakajibu, kuku. Walioitengeneza filamu walishangaa, maana hawakuwa na habari ya kuku yeyote. Ikabidi waikague fremu moja baada ya nyingine, na kweli, kwa muda wa kama sekunde moja, kuku aliyeshtuliwa alikuwa amekatiza pembe ya chini, kulia.

Kisa hicho kimetembezwa miaka na miaka kama ushahidi kwamba Mwafrika alikuwa hajui kuangalia filamu. Mimi naona kinawashtaki waliopiga. Sekunde moja ni fremu 24, na katika zote kuku alikuwemo. Watazamaji walieleza kilichokuwa ndani ya kingo nne. Asiyejua kilichomo alikuwa mwenye kamera, aliyekuwa akiiangalia nia yake mwenyewe badala ya picha. Mpiga picha za harusi yeyote wa Dongobesh angemfukuza kuku kwanza.

Lakini wakoloni walitoka na fundisho jingine. Huku kwetu, kati ya 1935 na 1937, Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham waliendesha kule Vugiri, milima ya Usambara, mradi wa kutengeneza filamu za mafunzo kwa Waafrika, wakizitembeza Tanganyika na nchi za jirani. Mwaka 1939 Uingereza ikaanzisha Kitengo cha Filamu za Makoloni, na mtu wake mkuu, William Sellers, akashikilia kwamba filamu za Waafrika ziende taratibu, zisiwe na ujanja wa kamera, na picha zisirukeruke. Unaweza kuiita huruma ukitaka. Kwa maoni yangu, ni kumnyima mtu lugha kisha kumcheka kwamba haijui.

Tushuke bondeni Yaeda, wilayani Mbulu, maana hapo fremu imefanya kazi kubwa kuliko mahali pengine popote katika wilaya hizi mbili, Mbulu na Hanang. Wahadzabe ni kama elfu moja na kidogo, na sidhani kama kuna jamii ndogo hivyo Tanzania iliyopigwa picha mara nyingi kama wao. Mwaka 1966 Sean Hudson, akiwa na mwanaanthropolojia James Woodburn aliyeanza kuishi na Wahadzabe mwishoni mwa miaka ya 1950, alitoa filamu ambayo jina lake refu lilitaja jitihada za kabila la wawindaji na wachumaji katika kutafuta chakula. Jina lenyewe lilishachora kingo. Katikati ya miaka hiyohiyo ya 1960 serikali ilikuwa inajaribu kuwahamishia Wahadzabe Yaeda Chini wakalime. Karibu nusu karne baadaye, mwaka 2014, Bill Benenson wa Marekani akatoa nyingine, Hadza: Last of the First, jina linalosema hawa ndio wa mwisho katika wale wa kwanza. Hiyo pia ni fremu, imepangwa kwa maneno kabla lenzi haijafunguliwa.

Chukua picha moja ya kawaida, ya aina inayopigwa na watalii na watu wa televisheni. Kijana amevuta upinde, amegeuza uso kidogo, nyuma yake kuna mbuyu. Lenzi ni ndefu, ile inayovuta vitu vya mbali, kwa hiyo mbuyu umesogezwa mpaka karibu umguse mgongo, na kila kilichokuwa kati yao kimefutika katika ukungu wa rangi. Fremu imembana: hakuna njia, hakuna anga pana, hakuna mtu wa pili. Mtazamaji wa London hahitaji kuambiwa kwamba huyu anaishi peke yake na zama zake. Kingo nne zimekwisha kumwambia. Geuza kamera kidogo kushoto, weka lenzi pana. Anaingia mama wa Kidatoga na punda aliyebeba madumu ya maji. Zinaingia ng'ombe, inaingia gari iliyomleta mpiga picha, na kwa mbali shamba la mahindi la Mwiraqw. Kijana na upinde wake ni walewale, ila sasa picha inazungumzia ardhi.

Na ardhi ndiyo habari kubwa ya Yaeda. Mwaka 2007 mpango wa kuwapa watu wa familia ya kifalme kutoka Falme za Kiarabu kitalu cha uwindaji bondeni humo ulipingwa hadi wakajitoa. Mwaka 2011 Wahadzabe wakapata hati ya haki miliki ya kimila juu ya zaidi ya hekta 20,000. Hati ni karatasi, haikimbii wala haipigi mshale, na huwezi kuieleza thamani yake kwa fremu yenye mwindaji peke yake. Mwindaji na ng'ombe lazima wawe pamoja ndani ya kingo hizohizo, maana kisa chote ni kwamba wako mahali pamoja.

Mhakiki wa filamu Mfaransa, André Bazin, aliliandika jambo hili kama kanuni: pale maana inapotegemea vitu viwili kuwepo pamoja, usikate picha ukaonyesha kimoja halafu kingine. Mfano ulipigwa kaskazini mwa nchi yetu. Hatari! ya Howard Hawks, iliyotoka mwaka 1962, inafuata watu wanaokamata wanyama hai kwa ajili ya bustani za wanyama, na makazi yao yako Momella, chini ya Mlima Meru. John Wayne amekaa kwenye kiti kilichofungwa mbele ya gari na mnyama anakimbia ubavuni, wote wawili ndani ya fremu moja. Kama ingekatwa, uso wa Wayne kisha kifaru kisha uso, tungesema kifaru alipigwa siku nyingine. Hadithi ya filamu hiyo ni nyepesi kweli. Mbio zake hazijazeeka.

Bazin alisema pia kwamba fremu ya mchoro huvuta jicho ndani, wakati ile ya sinema inafanana na kitambaa kilichofunika sehemu ya dunia: tunaamini maisha yanaendelea huko tusikokuona. Ndiyo maana istilahi ya nje ya fremu ina uzito sawa na fremu yenyewe. Mbwa akibweka nje ya fremu, hofu huingia ndani. Katika vibanda umiza tumekuwa na sauti ya nje kuliko zote: Lufufu, yaani marehemu Kapteni Derek Gaspar Mukandala, na wenzake waliosimulia kwa Kiswahili juu ya picha za Hong Kong na Marekani. Fremu ilipangwa na Mchina, lakini Lufufu ndiye aliyekwambia ndani yake uangalie wapi.

Hanang inahitaji fremu pana. Mashamba makubwa ya ngano yaliyoanzishwa pale kwa msaada wa Kanada miaka ya 1970 yalifika saba, karibu ekari 100,000. Ukiweka kamera chini, upeo wa macho katikati, ngano mbele na mashine ya kuvunia kwa mbali, umeshatamka kwamba palikuwa patupu pakageuzwa mkate. Wabarbaig walikwenda mahakamani kusema hapakuwa patupu. Tuta la kaburi la mzee wa Kibarbaig, likiachwa ndani ya picha hiyohiyo, linageuza kauli yote bila neno hata moja.

Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe viliposhuka kutoka Mlima Hanang na kuua watu zaidi ya 80 Katesh na vijiji jirani, habari nyingi zilitembea kwa simu. Simu hushikwa wima, na fremu ya wima inamtosha mtu aliyesimama na mlima nyuma yake, lakini haina nafasi ya upana wa tope lililoingia mitaani. Picha ya kutoka angani hufanya kinyume: inaonyesha mchirizi wa kahawia kutoka mlimani hadi mjini, na watu wanakuwa nukta. Televisheni ikiichukua picha ya simu huiweka katikati ya kioo na kujaza ukungu pembeni, kana kwamba pembeni hapakuwa na kitu. Kwa maumbo haya mawili maneno tunayo tayari, fremu ya wima na fremu ya mlalo, na vijana wanaohariri video za harusi wanayatumia kila siku bila kungoja kamati.