Salamu Kwanza

Vijana wa Peace Corps wa Marekani waliutangulia Uhuru wetu: walifika Tanganyika mwaka 1961, kupima na kujenga barabara. Tangu hapo wamekuja wageni wengi wenye haraka ya kutusaidia. Mmoja nilimpeleka Mbinga. Alipoona ngoro, mashimo ya Wamatengo kwenye miteremko, hata kabla ya salamu alimwuliza mzee mwenye shamba kwa nini anachimba mashimo.

“Karibu, mwanangu. Habari za huko utokako?” mzee akajibu.

Mgeni akaona haya. Mchana ikanyesha mvua kubwa. Maji yakatuama mashimoni, udongo usiende. Wazee walilima hivyo kabla ya Mjerumani.

Kesho yake, Mbamba Bay, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, aliwasalimu wavuvi kwanza. Maswali yakafuata baadaye.