Sambusa ya Isiolo na Madai ya Samosa

Madai kwamba "samosa" ndilo jina sahihi na "sambusa" ni neno lililoharibiwa na watu wa kaskazini mwa Kenya yamerudiwa mno, hasa na wasafiri wa Moyale wanaosimama Isiolo kunywa chai. Mikahawa ya Isiolo yenyewe huandika samosa kwenye menyu ya Kiingereza, kisha mhudumu akaagiza sambusa jikoni. Hoja ya wadai ni fupi: Wahindi walikuja kujenga reli mwaka 1896, wakaja na samosa, wenyeji wakalikosea jina.

Hoja hiyo haina miguu, na inayoivunja ni India yenyewe. Mwishoni mwa karne ya 16 Abul Fazl, mwandishi wa mfalme Akbar, aliorodhesha mapishi ya jiko la kifalme katika Ain-i-Akbari. Mojawapo ni qutab, chakula ambacho, anasema, watu wa Hindi hukiita sanbusa. Miaka 300 kabla ya reli! Kitabu hicho hutajwa sana kwa habari za kodi na majeshi. Kurasa za chakula hurukwa.

Twende nyuma zaidi. Mwaka 1226 mwandishi wa mapishi al-Baghdadi aliandika jinsi ya kupika sanbusaj: nyama iliyokatwakatwa na kutiwa viungo, ikafungwa pembe tatu kwa manda nyembamba, ikakaangwa kwa mafuta ya ufuta. Mpishi wa Isiolo angeifuata bila kuuliza, ila angetia nyama ya mbuzi au ngamia. Viazi havimo, wala visingeweza kuwamo, kwani vilitoka Amerika karne kadhaa baadaye. Anayeiona sambusa ya nyama kuwa nakala ya samosa ya viazi amemfanya mzazi kuwa mtoto.

Wapo wanaosema msafiri Ibn Battuta aliikuta sambusa Mogadishu mwaka 1331. Ningependa iwe hivyo, lakini maandishi hayawasaidii. Mogadishu anataja wali wa samli, kuku, samaki, ndizi zilizopikwa kwa maziwa, na achari ya ndimu. Samusak anaieleza akiwa India: nyama, lozi, pistachio na vitunguu ndani ya mkate mwembamba uliokaangwa kwa samli.

Isiolo iliipataje basi? Waswahili wa pwani wana haki ya kudai kwamba ilitoka kwao, nami siwakatalii. Ila naiamini zaidi njia ya Aden, Yemen. Baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia Waingereza waliwapa makazi Isiolo Wasomali wa koo za Isaaq na Harti waliotumikia jeshi lao. Waisaaq asili yao ni pwani ya Berbera, inayotazamana na Aden, na Wayemeni hawafuturu bila sambusa. Kisha serikali ikaufanya mji lango la Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ambako mtu hakupita bila kibali. Jina lililokuwa ndani likakaa ndani, na la Nairobi, samosa, likakomea getini.

Msumbiji, walikotawala Wareno, chakula hichohicho ni chamuça, na sijasikia msafiri akiwasahihisha. Ethiopia, ng'ambo ya Moyale, nako ni sambusa, mara nyingi ya dengu, kwa sababu Wakristo wa Kiorthodoksi hawali nyama siku za mfungo.