Kiini Kilichojua na Daftari Lililosema

Unix ilipokuwa ikiundwa Bell Labs, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilikuja na wazo ambalo halijachakaa: diski zote, ziwe mbili au kumi, zionekane kama mti mmoja wa saraka. Diski ya pili hupachikwa kwenye tawi fulani, na tangu hapo mtumiaji hana haja ya kujua faili lake limekaa kwenye chombo kipi. Kupachika kwenyewe hakukuwa shida kubwa. Kilichosumbua kwa nusu karne ni mfumo kueleza kwa usahihi nini kimepachikwa wapi, na kikishindikana, kwa nini. Historia ya Linux, mrithi mkubwa wa Unix, inaonyesha kwamba matatizo haya mawili yana chanzo kimoja: aliyejua hakuwa ndiye aliyesema.

Katika Toleo la Saba la Unix, la mwaka 1979, amri ya mount ilimaliza kazi yake kwa kuandika kwenye faili /etc/mtab. Aliyeuliza baadaye alijibiwa kutoka daftari hilo, si kutoka kwenye kiini cha mfumo kilichozishika diski zenyewe. Mashine ikizimika ghafla, daftari lilibaki likitaja diski ambazo hazikuwepo tena. Programu iliyopachika diski bila kupitia amri hiyo haikuacha alama yoyote. Linux ilirithi utaratibu huu, ingawa kiini chake kilitoa orodha yake chenyewe kupitia /proc/mounts, na kwa miaka mingi orodha hizo mbili ziliishi pamoja zikipingana. Mwaka 2002, toleo la 2.4.19 la kiini lilipoingiza kazi ya mwandishi wake Al Viro ya kuwezesha programu kuwa na mti wake tofauti na wa jirani yake, daftari moja la mashine nzima lilipoteza hata mantiki yake. Watetezi wake walikuwa na hoja ya kweli: mtab ilihifadhi mambo ambayo kiini hakiyajui, kwa mfano jina la mtumiaji aliyepachika diski, ambaye ndiye anayeruhusiwa kuipachua. Lakini hoja hiyo ilidai hifadhi ndogo ya nyongeza tu, na ndivyo maktaba ya libmount ilivyofanya: mambo hayo yakahamia /run/mount/utab, na mtab ikageuzwa kiungo kinachoelekea kwenye orodha ya kiini.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Faili la maandishi husomwa na yeyote kwa zana yoyote, na huo ndio moyo wa Unix. Kwa nini basi kuongeza miito mipya ya kiini? Jibu limo katika ukubwa wa kazi ya leo. Seva yenye makontena mengi inaweza kuwa na maelfu ya mapachiko, na programu inayotaka kujua badiliko moja kupitia faili hilo hulazimika kuisoma upya orodha nzima, ambayo huenda ikabadilika katikati ya usomaji. Pendekezo la David Howells, mwandishi mwingine wa kiini, la mwito wa fsinfo halikukubaliwa. Mwaka 2024, toleo la 6.8 lilileta statmount, mwito unaouliza pachiko moja na kujibu hilo tu, na listmount, unaoorodhesha vitambulisho vya mapachiko. Faili la maandishi halikuondolewa. Binadamu bado analo.

Upande wa makosa ndio uliocheleweshwa bila sababu ya kutosha. Mwito wa zamani wa kupachika ulirudisha namba moja tu ya kosa, kwa hiyo amri ya mount ilimpa msimamizi orodha ya dhana: huenda aina ya mfumo wa faili si sahihi, au chaguo ni baya, au bloku kuu imeharibika, au ni kosa jingine. Mtu mwenye data ya hospitali au benki kwenye diski hiyo alistahili zaidi ya kukisia. Miito ya Howells iliyoingia mwaka 2019 katika toleo la 5.2 iligawa kazi hiyo kwa hatua, na kukipa kiini njia ya kurudisha maneno yanayotaja kosa lenyewe. Hata hivyo mfumo wa faili wa ext4 ulihamia utaratibu huo mwaka 2022, Btrfs mwaka 2024, na zana za util-linux, ambamo amri ya mount imo, zilianza kuutumia mwaka 2023. Njia sasa ipo. Ubora wa maelezo yanayopita humo unategemea waandishi wa kila mfumo wa faili, na baadhi yao bado wanarudisha namba tupu.