Kukaa au Kuondoka: Mke wa Pwani na Mume Asiye Mwaminifu, 1858–1971

Utangulizi

Katika historia ya ndoa ya Uswahilini, mke aliyeondoka ameacha maandishi; aliyebaki hakuacha. Mwanamke aliyekwenda kwa kadhi kudai kutenganishwa na mumewe aliandikwa jina lake, dai lake na majibu ya mume, na daftari za mahakama za makadhi zilizohifadhiwa katika Nyaraka za Taifa za Zanzibar zina kumbukumbu nyingi za namna hiyo. Lakini mwanamke aliyegundua kuwa mumewe ana hawara, akashauriana na mama yake na somo yake, kisha akaamua kubaki, hakuandikwa popote. Ukimya huo umezaa dhana kwamba wa kwanza aliamua na wa pili alivumilia tu.

Mhadhara huu unaipinga dhana hiyo. Hoja yake ni kwamba kubaki nako kulikuwa ni uamuzi, wenye hesabu zake na masharti yake. Aidha, uamuzi huo haukutegemea mapenzi peke yake. Ulitegemea mambo matatu: jina ambalo jamii ililipa kosa la mume, mlango ambao sheria ilimwachia mke, na nyumba ambayo mke huyo angeweza kuirudia.

Kipindi kinachoangaliwa kinaanzia mwaka 1858, ambapo Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alimtungia binti yake utenzi maarufu wa mawaidha. Utenzi huo, unaomhimiza mke atafute radhi ya mumewe, ulihifadhiwa na kusomwa na wanawake wa pwani kwa vizazi kadhaa. Wahakiki wametofautiana juu yake: wapo wanaouona kuwa ni fundisho la utii, na wapo wanaosikia ndani yake sauti ya mwanamke anayemfundisha mwenziwe namna ya kuishi na mwenye nguvu bila ya kupotea. Kipindi kinakomea mwaka 1971, ambapo Tanzania Bara ilitunga Sheria ya Ndoa. Kati ya tarehe hizo mbili, suala la kukaa au kuondoka lilibadilika sana, ingawa maneno yaliyotumika kulizungumza yalibaki karibu yaleyale.

Kosa na majina yake

Msamiati wa zamani wenyewe unaonyesha mizani ilivyoelemea upande mmoja. Neno "ugoni" lilitaja kosa la mwanamume aliyelala na mke wa mtu, na pia fidia iliyotozwa kwa kosa hilo. Mtu "alishikwa ugoni", kisha "akalipa ugoni", na aliyelipwa ni mume. Mke ambaye mumewe alikuwa akitoka nje hakuwa na neno lililolingana na hilo, wala hakuwa na mtu wa kumdai. Mume aliyedhulumiwa alihesabiwa kuwa mdai mwenye haki, ilhali mke aliyedhulumiwa alihesabiwa kuwa mwenye huzuni.

Sheria ya Kiislamu, kwa upande wake, haikubagua katika kulikataza jambo lenyewe. Zinaa ni dhambi kwa mwanamume kama ilivyo kwa mwanamke. Ubaguzi ulikuwa katika kile kilichohesabiwa kuwa zinaa. Mwanamume aliruhusiwa wake hadi wanne, na katika zama za utumwa aliruhusiwa masuria bila ya idadi maalumu. Kwa hiyo, katika nyumba ya tajiri wa Zanzibar au Lamu ya karne ya 19, mke aliyeumizwa na mapenzi ya mumewe kwa mjakazi wa nyumbani hakuwa na kosa la kulishtaki. Maumivu yalikuwapo, jina la kosa halikuwapo.

Jambo hilo lilibadilika kwa hatua. Amri ya mwaka 1897 iliondoa hali ya utumwa kisheria katika Zanzibar, lakini masuria waliachwa nje ya amri hiyo hadi mwaka 1909. Historia ya utumwa hulichukulia jambo hili kuwa ni sehemu ya habari ya ukombozi wa watumwa, na ni kweli. Hata hivyo, ni sehemu ya historia ya ndoa pia. Usuria ulipokwisha kuwa na msingi katika sheria, mwanamume aliyetaka mwanamke wa pili alibaki na njia mbili: kumwoa, na hivyo kumtambulisha mbele ya watu, au kuwa na hawara. Mke wa kwanza alipata kwa mara ya kwanza mpaka ulio wazi kati ya ukewenza, ambao sheria iliutambua, na uhawara, ambao sheria iliukataa.

Milango ya kutokea

Kutambua kosa ni jambo moja. Kupata njia ya kutoka ni jambo jingine. Mume alikuwa na talaka mkononi mwake. Hakulazimika kutoa sababu wala kwenda mbele ya hakimu. Hata aliyemshuku mkewe bila ya kuwa na mashahidi wanne alikuwa na utaratibu wa kiapo cha laana, uliotajwa katika Sura ya An-Nur, ambao humaliza ndoa kwa viapo vya pande mbili.

Mke alikuwa na milango miwili, yote myembamba. Wa kwanza ni khului, yaani kujikomboa kwa kurejesha mahari au kutoa mali nyingine. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu walio wengi wa pwani, khului huhitaji ridhaa ya mume. Mume aliyekosa ndiye aliyelipwa ili amwache aliyekosewa. Mlango wa pili ni fasaha, yaani kadhi kuivunja ndoa. Sababu za fasaha katika madhehebu hayo ni chache: mume kushindwa kutoa masurufu ya chakula na mavazi, kutokuwa na uwezo wa unyumba, na maradhi au kasoro maalumu. Uzinzi wa mume, peke yake, haumo katika orodha hiyo.

Matokeo ya mpangilio huo yalikuwa makubwa. Mke aliyesimama mbele ya kadhi akisema kwamba mumewe ana mwanamke mwingine alikuwa amesema jambo zito ambalo halikuwa na pa kushika. Alipaswa kuthibitisha zinaa, na ushahidi wa zinaa ni mgumu kupita kiasi; na hata angethibitisha, asingekuwa amepata sababu ya kuachanishwa. Dai la chakula na nguo ndilo lililokuwa na nguvu. Kwa sababu hiyo, anayezisoma kesi za masurufu hana budi kujiuliza kila mara kama nyuma ya kibaba cha mchele hapakuwa na nyumba ya pili iliyokuwa ikila mchele huo.

Kwenda kwao

Baina ya kukaa na kuondoka palikuwa na jambo la tatu, nalo ndilo lililotumika zaidi, yaani kwenda kwao. Mke aliyeudhiwa alifunga nguo zake akarudi kwa wazazi wake. Hakuwa ameachwa, wala hakuwa amesamehe. Methali inasema "Mwenda kwao si mtumwa", na maana yake katika muktadha huu ni wazi: mwenye kwao ana pa kusimama anapodai heshima yake.

Safari hiyo fupi iligeuza siri kuwa shauri. Mume aliyemtaka mkewe alilazimika kumfuata, naye hakuonana na mke kwanza bali wazee. Hapo aliulizwa, akajibu, na pengine akatozwa ahadi. Utaratibu huo ulikuwa na msingi katika dini, kwani Sura ya An-Nisaa inaagiza kuteuliwa mwamuzi kutoka jamaa za mume na mwamuzi kutoka jamaa za mke pale inapohofiwa mfarakano. Mke aliyerejea baada ya kikao cha namna hiyo hakurejea kama alivyotoka. Alirejea na mashahidi.

Hata hivyo, si kila mke aliyekuwa na kwao. Aliyeolewa mbali, yatima, au aliyekuwa na asili ya utumwa na hana jamaa wa kumsemea, hakuwa na mlango wa kugonga. Kwa upande mwingine wapo waliokuwa na zaidi ya hapo. Miongoni mwa waungwana wa Lamu ilikuwa desturi baba kumpa binti yake nyumba, au sehemu ya nyumba, anapoolewa, na mume kuhamia humo. Katika nyumba kama hiyo swali la kukaa au kuondoka liligeuka: aliyepaswa kufikiria pa kwenda ni mume. Ndiyo maana neno "subira" haliwezi kusomwa kwa maana moja. Subira ya mwenye nyumba ni hiari. Subira ya asiye na kwao ni sharti la maisha.

Aliyebaki hakunyamaza pia. Kuanzia mwanzoni mwa karne ya 20, majina ya kanga na nyimbo za taarabu vilimpa mke lugha ya mafumbo ya kumsema hawara mbele ya watu bila ya kumtaja, na ya kumjulisha mume kwamba anajua. Kubaki huku ukijulikana kuwa unajua ni jambo tofauti kabisa na kubaki gizani.

Mahakama na Sheria ya mwaka 1971

Picha ya mke anayevumilia tu imepingwa na utafiti wa mahakamani pia. Uchunguzi wa Susan F. Hirsch katika mahakama za kadhi za pwani ya Kenya, uliochapishwa mwaka 1998, ulionyesha kwamba walio wengi waliopeleka mashauri walikuwa wanawake, na kwamba mara nyingi walipata walichokidai. Wanawake hao walilazimika kuyasema hadharani mambo ya ndani ambayo malezi yaliwafunza kuyafunika, na kwa kufanya hivyo waliiweka heshima yao hatarini.

Kwa Tanzania Bara, badiliko kubwa lilikuja na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, iliyotanguliwa na waraka wa mapendekezo ya serikali wa mwaka 1969. Sheria hiyo haikuihusu Zanzibar. Iliweka kigezo kimoja cha talaka ya mahakama: ndoa kuvunjika kiasi cha kutorekebishika. Kifungu cha 107 kiliutaja uzinzi kuwa miongoni mwa ushahidi wa kuvunjika huko, uwe wa mume au wa mke. Kifungu cha 72 kilimpa mke, sawasawa na mume, haki ya kumdai fidia mtu aliyezini na mwenzi wake. Ule ugoni uliokuwa mali ya waume ulifunguliwa kwa wake. Kwa ndoa za Kiislamu, sheria iliendelea kuitambua talaka ya kidini, lakini baada ya Baraza la Usuluhishi wa Ndoa kuthibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha wanandoa.

Maneno ya kifungu cha 107 yanastahili kuangaliwa kwa makini. Uzinzi una uzito wa pekee kama ushahidi pale uliporudiwa, au pale uhusiano huo ulipoendelea licha ya malalamiko. Kwa hiyo mke aliyebaki akalalamika hakupoteza haki yake kwa kubaki. Kubaki kwake, pamoja na malalamiko yake, kulikuwa sehemu ya ushahidi. Bila ya kuitaja, sheria iliitambua ile desturi ya kale ya kwenda kwao na kurudi na mashahidi.

Lililobaki ni suala la nyumba. Kifungu cha 114 kiliruhusu mahakama kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja, lakini palikuwa na utata kama kupika, kufua na kulea ni juhudi. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua kwamba kazi hizo ni mchango. Uamuzi huo haukuzungumzia uaminifu, lakini uligusa moja kwa moja hali ya mke anayejiuliza aondoke aende wapi.

Hitimisho

Historia hii haionyeshi kwamba kuondoka ni ushujaa na kukaa ni unyonge, wala kinyume chake. Inaonyesha kwamba thamani ya kukaa ilipimwa na uwezekano wa kuondoka. Mke aliyekuwa na mahari yake, jamaa wa kumpokea na paa la kulala angeweza kusamehe, na msamaha wake ulikuwa na maana kwa sababu angeweza kuunyima. Asiye na hivyo alisifiwa kwa subira ambayo hakuichagua. Wasifiaji wa subira waliwaweka wawili hao katika kundi moja. Kazi ya mwanahistoria ni kuwatenganisha, kwa kuuliza juu ya kila mke aliyebaki swali ambalo daftari za kadhi hazikuliuliza: je, angetaka kuondoka, nani angemfungulia mlango?