Kipande, Kalenda na Magoti ya Fundi wa Keko

Mwezi uliopita nilikwenda Keko kuchukua kabati la vitabu. Fundi niliyemzoea alikuwa ameketi juu ya ndoo, akimwelekeza mwanawe namna ya kupiga randa. Ana miaka 54, na arobaini kati ya hiyo ameitumia kubeba mbao, kuchuchumaa na kupiga magoti. "Mwalimu," aliniambia, "mikono bado inaijua kazi. Magoti ndiyo yamegoma." Kisha akaongeza kwamba uzee ni majaliwa ya Mungu, hauna wa kumlaumu.

Nilirudi nyumbani na kauli hiyo. Ina ukweli, lakini si ukweli wote.

Mwaka 1743 tabibu Mskoti William Hunter, aliyefanya kazi London, aliandika kwamba gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa kwenye maungio, ikishaharibika haijirekebishi. Leo tunajua sababu moja kubwa: gegedu haina mishipa ya damu. Mfupa uliovunjika huunga. Gegedu iliyolika hubaki imelika. Kwa zaidi ya karne mbili wagonjwa wa magoti waliishi chini ya hukumu hiyo.

Katika miaka ya 1960, huko Moscow, Alexander Friedenstein na wenzake walionyesha kwamba ndani ya uboho wa mifupa zimo seli ambazo zikihamishiwa mahali pengine mwilini hutengeneza mfupa mpya. Mwaka 1991 Mmarekani Arnold Caplan alizipa jina la seli shina za mesenkima. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walitangaza kwamba wameitambua kwa binadamu seli shina ya mifupa, inayozaa mfupa na gegedu. Kumbe mwili una karakana yake.

Karakana hiyo nayo huzeeka. Mwaka 2021 watafiti wa Stanford walieleza, kutokana na panya, kwamba seli shina za mifupa zilizozeeka huzaa mfupa na gegedu kidogo, tena hutoa viashiria vya uvimbe vinavyochochea mfupa uliopo kumong'onywa. Kuwapa panya wazee damu changa hakukuzirejeshea seli hizo ujana wake. Ni kama karakana ambayo mafundi wake wamechoka, na sasa wanaharibu hata mbao zilizo nzima. Hata hivyo, mwaka mmoja kabla yake, watafiti hao walikuwa wameonyesha kwamba seli hizo zikiamshwa kwa viashiria maalumu zinaweza kuotesha gegedu upya katika goti la panya. Hukumu ya Hunter imeanza kukatiwa rufaa.

Hapa ndipo mwanahistoria anapouliza: tangu lini dola yetu imeihesabu mifupa?

Chini ya Waingereza, kibarua wa Tanganyika alipewa kipande, kadi iliyohesabu siku 30 za kazi. Ilihesabu siku, haikuhesabu magunia. Septemba 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam, jirani kabisa na Keko, waligoma, na mgomo ukasambaa hadi bara. Walidai ujira na masharti bora, maana kwao mwili ndio uliokuwa mtaji wa pekee.

Kipande kimekwenda, kalenda imeshika nafasi yake. Mtumishi wa umma hustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55 na kwa lazima akiwa na 60. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 nayo inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na msamaha wa gharama za matibabu kwa wazee wasio na uwezo hufuata umri huohuo. Mimi ninayekaa kitini na fundi anayechuchumaa tunapimwa kwa rula moja. Lakini tafiti nyingi zimethibitisha kwamba kazi za kubeba mizigo mizito, kupiga magoti na kuchuchumaa huongeza hatari ya kulika kwa gegedu ya goti. Sisemi kwamba mzigo ndio unaozizeesha seli shina. Nasema mambo mawili hukutana katika goti moja: uchakavu unaoongezwa na kazi na ukarabati unaopunguzwa na umri. Fundi wangu, kwa hesabu ya dola, bado ni kijana kwa miaka sita.

Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1996, inabadilisha magoti yaliyokwisha. Ni hatua ya kujivunia. Lakini goti la bandia huja mwishoni mwa safari, na msafiri wetu huwa amekwisha kupoteza kipato. Ndugu zangu mlio wizarani na halmashauri, yapo ya kufanya mapema: uchunguzi wa maungio kwa mafundi na wapagazi kabla ya miaka 50, vifaa vya kunyanyulia mizigo katika maeneo ya kazi, na msamaha wa matibabu unaotazama kazi aliyoifanya mtu pamoja na tarehe yake ya kuzaliwa.

Kabati nilipelekewa siku ya tatu. Alilibeba kijana wake kichwani, peke yake, na kulipandisha hadi ghorofa ya pili. Ana miaka 19. Kwake yeye hesabu ndiyo kwanza imeanza.